Presha ya Mpimaji

Saa yangu naivaa kifuani, kichwa chini miguu juu,
anayeisoma ni mimi peke yangu.

Saa tisa kasoro usiku, wodi namba tano, Temeke.
Vitanda ishirini na sita, wagonjwa arobaini na mmoja,
wa arobaini na mbili yuko njiani, mapokezi wamepiga simu.
Tuko wawili, mimi na Advera.
Feni inazunguka kwa kulazimishwa, kama mtoto aliyetumwa dukani.
Joto la Februari limelala nasi,
halina kitanda, halina faili,
na daktari hajaliruhusu kwenda nyumbani.

Nimebadilisha dripu kumi na moja.
Nimemgeuza Mzee Pazi upande wa kushoto,
nikamwambia pole, naye akasema, pole na wewe.
Neno dogo. Nimelitia mfukoni pamoja na mkasi na plasta.
Nimetukanwa mara moja tu, na binti mwenye kucha ndefu:
"Nyie manesi mna roho za jiwe."
Sikumjibu. Mama yake alikata roho saa nne na robo,
na mimi ndiye niliyemfunga kidevu kwa bandeji,
nikamfumba macho kwa vidole hivihivi
ambavyo saa sita vilimenya yai, nikala nimesimama.
Kuna tusi ambalo ni kilio kimekosea mlango.

Halafu pakatulia. Mnaujua ule utulivu?
Si amani. Ni wodi inavuta pumzi kabla ya kukohoa.
Advera akasema, "Leta mkono."
"Mkono wa nini?"
"Leta mkono, Mwanahawa. Nimechoka kupima wageni."
Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
maana kiti chetu kimoja amekalia bibi wa kitanda cha kumi na tisa,
anamlinda mjukuu asichomoe sindano.
Mkanda ukafura, ukanibana,
nami nikahisi kile ninachowaambia wengine wasikiogope.

Mia na sabini juu ya mia na tano.

Hakusema kitu. Akahamia mkono wa pili,
kama mtu anayehesabu chenji upya
akiomba muuzaji awe ndiye aliyekosea.
Ikarudi ileile.
Tukatafuta pa kuandika. Faili sina.
Akaandika nyuma ya boksi la glovu: tarehe, saa, namba,
akatia saini kwa mwandiko safi wa mtihani.
Boksi lenyewe tupu tangu magharibi.

"Ungekuwa mgonjwa wangu ningekulaza."
"Wapi?"
Tukaitazama sakafu. Sakafu nayo imejaa.
Hapo tukacheka, tumeziba midomo kwa viganja,
tukacheka hadi machozi,
na kicheko kilipokwenda zake machozi yakabaki,
hayakujua zamu yake imekwisha.

"Sista!" Kitanda cha saba.
Tukainuka wote wawili.

Kumekucha. Nakabidhi zamu.
Nimetaja kila jina, mkojo wa kila mtu,
nani kalala, nani kakataa uji,
nani wa kupelekwa eksirei kabla foleni haijavimba.
Langu sikulitaja.
Deni la posho ya usiku tumeshazoea kulinyamazia,
nilidhani hili nalo ni la fungu lilelile.

Advera akafungua mdomo mbele ya matroni,
boksi la glovu mkononi:
"Na mgonjwa wa arobaini na tatu.
Mwanahawa Kibwana, mwanamke, miaka thelathini na minane.
Anafanya kazi hapa."

Wodi ikasikika ikitiririka, dripu baada ya dripu.
Matroni akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa tena.
"Kaa," akasema.

Niliitazama ile ndoo.
Bibi wa kitanda cha kumi na tisa akanyanyuka, goti moja moja,
akanisukumia kiti.
Kisha akaipinda shingo kabisa, kama kuku anayechungulia mtungini,
akaisoma saa kifuani kwangu.
"Saa moja na nusu," akasema.
"Umekula?"